Kilomita 2,400 kwa siku 4: njia nne za kuzigawa

Tuchukue mfano mmoja tuushikilie hadi mwisho: kilomita 2,400 za barabara kuu, gari dogo, siku 4 mkononi. Kikokotoo kinasema 600 kwa siku, na wengi huishia hapo. Lakini siku hizo hizo nne zinaweza kukatwa kwa namna nyingine kabisa, na tofauti yake haionekani kwenye ramani. Inaonekana mchana wa siku ya tatu, pale dereva anaposhusha kioo kwa mara ya tano ili upepo umpige usoni.

Kwanza kipimo. Kikomo cha mwendo kinaweza kuwa 100 kwa saa, na mshale wa dashibodi ukawa unagusa 100 muda mwingi. Chukua hata hivyo umbali wote wa siku, ugawe kwa saa zote tangu mlipofunga buti asubuhi hadi mlipozima gari jioni, na mara nyingi utapata kitu kinachokaribia 75. Zile 25 zimeliwa nyuma ya malori, kwenye matengenezo ya barabara, kwenye pampu ya mafuta, chooni, na pembeni mwa njia mtoto alipotapika. Ramani ya simu hukadiria kana kwamba gari halinywi na watu hawaendi haja. Kwa mwendo wa 75, safari yetu ni saa 32. Tunachogawa ni hizo saa.

(Yuko atakayesema: kanyaga mafuta. Kipande cha kilomita 600 kwa mwendo wa 120 badala ya 100 kinaokoa saa 1, tena kama hujapunguza mwendo hata mara moja, jambo ambalo halitokei. Nguvu ya upepo unaolipinga gari hukua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo kutoka 100 hadi 120 inapanda kwa asilimia 44, na tanki la mafuta linaihisi. Saa hiyo moja utairudisha pampuni.)

Njia zenyewe ni hizi. Majina nimeyabuni mimi ili tusichanganyikiwe:

| Mpango | Kilomita kwa siku | Siku ndefu zaidi | Saa ya kufika | Vitanda vipya |
|---|---|---|---|---|
| Sawa kwa sawa | 600, 600, 600, 600 | saa 8 | saa 9 alasiri kila siku, ukiondoka saa 1 asubuhi | 3 |
| Mteremko | 800, 650, 550, 400 | saa 10 na dakika 40 | siku ya kwanza saa 10:40 jioni ukiondoka saa 12 asubuhi. Siku ya mwisho saa 6:20 mchana ukiondoka saa 1 | 3 |
| Kituo cha kati | 800, 800, pumziko, 800 | saa 10 na dakika 40, mara tatu | saa 10:40 jioni, ukiondoka saa 12 asubuhi | 2 |
| Mfululizo | 2,400 bila kulala | saa 32 | saa 8 mchana wa siku ya pili, ukiondoka saa 12 asubuhi | hakuna |

Safu ya mwisho, ya vitanda, ndiyo ambayo watu hawaiandiki wanapopanga, nami naiona nzito kuliko safu ya kilomita. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walipima ubongo wa watu waliolala mahali pageni. Waliona kwamba usiku wa kwanza upande mmoja wa ubongo hulala usingizi mwepesi kuliko mwingine, kama mlinzi anayesikiliza mlango. Usiku unaofuata, mahali pale pale, hali hiyo hupungua. Sasa fikiria safari ambayo kila jioni unafikia chumba kingine. Kila usiku wako ni usiku wa kwanza. Unalala saa 7, unaamka kama uliyelala 5, na deni linapanda nawe garini.

Sawa kwa sawa

Uzuri wa mpango huu ni kwamba hauna maelezo. Kila mtu garini anajua saa ya kuondoka na saa ya kufika, watoto wanazoea mdundo ule ule, na hakuna siku ya kutisha. Saa 8 ukiweka na vituo vinne vya haja ni kazi ya kawaida kwa dereva mwenye afya.

Ubaya wake ni kwamba unamdhania dereva wa siku ya nne kuwa yule yule wa siku ya kwanza. Niliwahi kuufuata hivyo hivyo, peke yangu kwenye usukani. Siku mbili za mwanzo zilikuwa nyepesi hadi nikajiona nimepunja, ningeweza kwenda mbali zaidi. Siku ya tatu, kama saa 9 hivi, nilishtuka kugundua kwamba sikumbuki mji niliotoka kuupita. Si kwamba nilisinzia kichwa kikaanguka. Macho yalikuwa wazi, mikono ipo kwenye usukani, ila mwenye nyumba alikuwa ametoka. Nilisimama kituo cha kwanza nilichokiona, nikalala dakika 20 kwenye kiti, na kilomita 150 zilizobaki za siku ile nikazimaliza kwa mwendo wa kobe.

Kasoro nyingine ni ndogo lakini inaudhi: miji haikupangwa kwa umbali wa kilomita 600. Utajikuta siku moja 600 yako inaishia mahali pasipo na chumba, ukalazimika kuifanya 690 au 520, na ule usawa uliokuvutia umeshakufa siku ya pili.

Naupendekeza kwa safari za zaidi ya wiki, ambapo huwezi kuendelea kupunguza kila siku, na kwa wenye mtoto mchanga. Mtoto wa miezi minane hajali kwamba leo dereva ana nguvu.

Mteremko

Huu ndio ninaoutumia sasa. Siku ya kwanza ndiyo pekee ambayo dereva ametoka kwenye kitanda chake mwenyewe, gari limetoka kukaguliwa, na hamu ya safari bado ni mbichi. Basi mzigo mzito ubebwe siku hiyo. Baada ya hapo kila siku inafupishwa kadiri deni la usingizi linavyokua. Siku ya tatu, ile iliyoniangusha, inaisha saa 8:20 mchana. Ya nne inaisha wakati wa chakula cha mchana, na unamfikia mwenyeji wako ukiwa mtu, si mzigo unaoomba godoro.

Faida ya pili nimeijua kwa kuchelewa. Jambo likiharibika siku ya kwanza, kwa mfano pancha au foleni ya saa 3 kwenye ajali ya wengine, siku zilizobaki zina nafasi ya kumeza kilomita zilizosalia. Kwenye sawa kwa sawa nafasi ni ndogo, na kwenye kituo cha kati unakula siku ya pumziko yenyewe.

Ila mteremko una sharti, na asiyelitimiza asiuguse: maandalizi yaishe jana yake alasiri. Tuseme umefunga mizigo hadi usiku wa manane, ukaamka saa 10 alfajiri kumalizia. Mwaka 1997 watafiti Dawson na Reid walionyesha kwamba mtu akikaa macho saa 17, utendaji wake unashuka kufikia ule wa mtu mwenye asilimia 0.05 ya pombe kwenye damu, kiwango ambacho nchi nyingi zinakihesabu kuwa kosa kwa dereva. Kutoka saa 10 alfajiri, saa 17 zinatimia saa 3 usiku. Kwa hiyo siku ya kwanza ikichelewa kwa saa nne tu, unamalizia kipande cha mwisho gizani ukiwa kama mlevi ambaye hajaonja tone.

Na 800 ni nyingi kiasi gani? Gari likiwa linatembea kwa wastani wa 90, ni karibu saa 8 na dakika 53 za usukani. Sheria ya Umoja wa Ulaya kwa madereva wa malori na mabasi inaruhusu saa 9 za kuendesha kwa siku, zinazoweza kufikia 10 mara mbili tu kwa wiki, na inadai mapumziko ya dakika 45 baada ya kila saa 4 na nusu. Marekani dereva wa lori anaruhusiwa saa 11 ndani ya dirisha la saa 14, baada ya kupumzika saa 10 mfululizo. Hao ni watu ambao kazi yao ni hiyo. Wewe uliyezoea kwenda kazini na kurudi, ukigusa dari lao mara moja katika safari nzima, inatosha.

Kituo cha kati

Hapa unaligusa dari hilo mara tatu, na ndiyo sababu siupendi kwa dereva mmoja. Lakini usiutupe haraka, maana una jambo ambalo mipango mingine haina: usiku mbili kwenye kitanda kimoja. Usiku wa pili ndio usingizi wa kweli. Juu ya hilo, mnafua, mnatembea kwa miguu, gari linapoa, na una mchana mzima wa kulitazama tairi lile ulilolitilia shaka tangu jana.

Miguu nayo ina hesabu yake. Shirika la Afya Duniani, katika mradi uliotoa ripoti mwaka 2007, lilieleza kwamba hatari ya damu kuganda kwenye mishipa huongezeka karibu maradufu baada ya safari ya saa 4 au zaidi, iwe kwa ndege, treni, basi au gari, kwa sababu ya kukaa bila kujongea. Kwa mtu mmoja mmoja hatari hiyo bado ni ndogo, kama mtu 1 kati ya 6,000. Hata hivyo ikiwa mna mzee, mjamzito, au aliyefanyiwa upasuaji hivi karibuni, siku tatu za saa 10 na dakika 40 si za kumpa. Mpe sawa kwa sawa yenye vituo vingi.

Kwa madereva wawili, picha inageuka. Siku ya 800 inakuwa saa 4 na nusu za usukani kwa kila mmoja, na siku ya pumziko inakuwa zawadi kamili. Kama katikati ya njia pana kitu mnachotamani kukiona, na mko wawili wa kushika usukani, ningeuchagua huu kabla ya mteremko.

Mfululizo

Watu huusimulia kwa fahari: "Sisi tulikwenda moja kwa moja." Unaokoa malipo ya vyumba na siku mbili na ushee. Hesabu kwenye karatasi inapendeza: madereva wawili, saa 16 kila mmoja, mmoja analala mwingine anaendesha.

Tatizo ni neno "analala". Kwenye kiti kinachotikisika, breki zikifinywa na taa za malori zikipita usoni, mtu hasinzii zaidi ya vipande vipande. Halafu angalia saa. Mwili una mabonde mawili ya usingizi kila siku: kubwa ni kati ya saa 8 usiku na saa 12 alfajiri, dogo kati ya saa 8 na saa 10 mchana. Mfululizo unaoanza saa 12 asubuhi unapita bonde la mchana, kisha bonde la usiku, kisha unamalizika saa 8 mchana wa pili, bonde la tatu likifunguka, tena kwenye barabara za kuingia mjini zenye magari mengi. Kwa mwendo wa 100, gari linakwenda karibu mita 28 kila sekunde. Kope zikifunga kwa sekunde 4, limekwenda mita 111 bila dereva.

Kahawa inasaidia kidogo kuliko inavyosifiwa. Huchukua karibu nusu saa kufanya kazi, kwa hiyo namna bora ni kuinywa na kulala papo hapo dakika 15 hadi 20, uamke nayo imefika. Ukiinywa jioni ili umalizie kipande cha mwisho, nusu yake bado iko damuni saa 5 baadaye, na umeshaharibu usingizi wa kesho.

Ikiwa kweli hamna muda, na mko wawili, msiende mfululizo. Katisheni siku 3 za 800 na mlale usiku mbili. Na kama hata siku 3 hazipo, hiyo si safari ya gari lako. Tafuta ndege au basi lenye madereva wa zamu.

Kupokezana: kila saa 2 au nusu siku?

Kila saa 2 ni haki, na haki hiyo ndiyo inayowafanya wengi waichague. Mimi nimeshaiacha. Kila mabadiliko yanakula dakika 10 za kurekebisha kiti na vioo, na wote wawili mnafika jioni mmechoka nusu nusu. Nusu siku kwa nusu siku inamwacha mmoja apumzike kwa kweli. Anayeamka mapema achukue tangu alfajiri hadi chakula cha mchana. Aliyepumzika achukue alasiri, kwa sababu bonde la saa 8 linahitaji mtu ambaye hajashika usukani tangu asubuhi. Isipokuwa pale ambapo mmoja ni dereva mpya: huyo mpe saa 1 na nusu ya barabara pana asubuhi, basi. Na kabla ya yote hayo, soma bima ya gari kama inamkubali dereva wa pili. Hilo ni jambo la kugundua mezani, si baada ya kugongana.

Alfajiri au baada ya chai?

Kwenye siku ndefu, alfajiri, lakini mwanga ukishapambazuka. Wanyama wa porini na mifugo huvuka barabara zaidi wakati wa mapambazuko na magharibi, na saa unayoipata kwa kuondoka gizani unaweza kuilipa kwa bampa. Siku fupi za mwisho wa mteremko ondoka umeshiba, taratibu.

Uelekeo nao una neno. Ukienda mashariki, jua la asubuhi liko machoni. Ukienda magharibi, liko machoni jioni, wakati umechoka, na kioo chenye vumbi kinageuka pazia. Kwa safari ya magharibi mimi huhesabu kufika saa moja kabla ya ninavyohesabu kwa ile ya mashariki. Kwenye nchi pana ongeza tofauti ya majira ya saa: Barabara Kuu ya Trans-Canada ina kilomita zipatazo 7,800, na anayeifuata kwenda mashariki kwa kawaida anapoteza saa 1 anapovuka mpaka wa majira hayo. Siku yake inafupishwa bila yeye kujua, na chumba alichoambiwa kinafungwa saa 4 usiku kimeshafungwa. Mbali na ikweta, majira ya baridi nayo yanaweza kukuachia saa 8 tu za mwanga. Hapo 800 inafutika yenyewe, hata kwa siku ya kwanza.

Kipande kilichonyooka kiweke asubuhi. Eyre Highway ya Australia ina mahali ambapo barabara haipindi kwa kilomita 146.6, na mtu anaweza kudhani hapo ndipo pa kupumzisha akili. Ndipo akili inapotoroka. Kona huamsha, mstari mnyoofu hubembeleza. Milima isukume mchana baada ya kulala kidogo, ila mteremko mrefu wa mlima usiuache kuwa kazi ya mwisho ya siku, breki zikiwa za moto na mguu umechoka.

Chumba: kulipia mapema au kutafuta ukifika?

Hapa sina maneno mengi. Usiku wa kwanza lipia mapema, kwa sababu siku ya kwanza ndiyo unayoijua na ndiyo utakayofika umechoka zaidi. Usiku mwingine piga simu wakati wa chakula cha mchana, ukishajua siku inakwendaje. Chumba kilicholipiwa bila kurudishiwa fedha kina kawaida ya kumvuta dereva kilomita 200 zaidi ya uwezo wake, eti fedha isipotee.

Karatasi yangu ya mteremko huwa na mistari mitatu tu, mmoja kwa kila usiku, na kila mstari una majina matatu ya miji: wa karibu, wa kawaida, wa mbali. Kwa siku ya 650 huwa ni mji ulio kwenye 500, ulio kwenye 650, na ulio kwenye 720. Saa 7 mchana, tukiwa tumesimama kula, namuuliza aliye pembeni yangu, si mimi mwenyewe, tulale wapi. Abiria huona kichwa cha dereva kinavyoinama kabla dereva hajakubali. Akisema wa karibu, tunalala wa karibu.